Mlima Usiolima

Nikipewa riwaya yenye ngome mlimani, kabla sijauliza mfalme ni nani na upanga wake unaitwaje, huuliza watu wa humo wanakula nini. Swali hili limeniharibia vitabu vingi. Hadithi za dunia za kubuni zimejaa majabali meusi yenye minara, magereza na askari maelfu kwa maelfu, na msomaji hupita sura nzima bila kuona gunia moja la nafaka likipandishwa ngazi. Hakuna anayechota maji, moshi wa jikoni hauonekani, mbuzi hawalii. Mwandishi amejenga makao makuu akasahau ghala.

Erebor haina kasoro hiyo, au tuseme inayo, ila mwenye kuibuni aliijua na akaifanya kuwa kiini cha kisa. Erebor ni mlima uliosimama peke yake kaskazini mwa Middle-earth, dunia ya J.R.R. Tolkien. Wasomaji waliuona mara ya kwanza Septemba 1937, The Hobbit ilipochapishwa London, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyechora picha na ramani zake. Ndani ya mlima huo walikaa vibete wa ukoo wa Durin: watu wafupi wenye ndevu ndefu, wahunzi na wachongaji wa mawe, wagumu wa kusahau deni. Kwao mlima ulikuwa nyumba, karakana, hazina, ikulu na kaburi kwa pamoja.

Tuingie tuone ulivyopangwa. Lango kuu liko kusini, katikati ya mikono miwili ya mlima, na chini ya upinde wake unatoka mto uitwao Running, ambao chemchemi yake imo ndani kabisa ya jabali. Jambo hili peke yake linaonyesha kuwa Tolkien aliwaza sawasawa. Ngome nyingi za kweli duniani zilisalimu amri kwa kiu kabla ya njaa, kwa kuwa adui alikifikia kisima kwanza. Mto wa Erebor haukatiki kutoka nje. Ukipita langoni unafika karibu na ukumbi wa Mfalme Thrór, uliotumika kwa karamu na kwa baraza pia; na mtu aliyeishi karibu na jumbe yeyote anaelewa kwa nini shughuli hizo mbili hukaa chumba kimoja. Upande wa magharibi umefichwa mlango wa siri wenye kimo cha futi 5, upana wa kupitisha watu watatu bega kwa bega. Kwenye ncha ya mkono wa kusini kuna kilima cha walinzi, Ravenhill, chenye chumba kilichochongwa mwambani cha kutosha watu mia. Maji yapo, lango lipo, mlango wa dharura upo, na macho ya kutazama mbali yapo.

Shamba halipo.

Thorin, mjukuu wa Thrór, analieleza hilo mwenyewe katika sura ya kwanza ya kitabu, tena kwa majivuno. Enzi za babu yake, anasema, vibete hawakujisumbua kulima wala kutafuta chakula. Wazazi wa bondeni waliwabembeleza wawapokee watoto wao kama wanagenzi wa uhunzi, na karo waliyolipa ilikuwa zaidi ya yote vyakula. Mji wa Dale, uliojengwa na binadamu mbele ya lango, uliishi kwa biashara hiyo; soko lake la vitu vya kuchezea watoto, kazi ya mikono ya vibete, lilikuwa na sifa kaskazini kote. Maneno haya Thorin anayasema nyumbani kwa Bilbo Baggins, hobiti, yaani mmoja wa watu wafupi wapenda starehe, baada ya yeye na wenzake kumi na wawili kuimaliza stoo ya mwenyeji wao bila haya, wakiagiza maandazi, nyama, mayai na pombe kana kwamba wako hotelini. Wasomaji huicheka karamu hiyo. Mimi naiona ni utambulisho kamili wa taifa: hawa ni watu ambao tangu zamani sahani yao imejazwa na mtu mwingine.

Wala haikuwa aibu. Mlima ulitoa majembe, mapanga, vikombe, taji na wanasesere wanaotembea. Bonde lilitoa nafaka, nyama na mvinyo. Katika maandishi yaliyochapishwa baada ya kifo chake, Tolkien anarudi nyuma zaidi na kusema vibete wa ukoo huu walishaingia mapatano ya namna hiyo na binadamu tangu kale, binadamu wakiwa wafugaji na wakulima, vibete wakiwa mafundi. Kwa hiyo ukiichora Erebor kwenye karatasi na kuuacha mji wa Dale nje ya ramani, umechora nusu ya nyumba. Lango lile kubwa la kusini, ambalo wachoraji wa leo hupenda kulifanya la kutisha, kazi yake ya kila siku ilikuwa kupitisha mizigo.

Historia ya ukoo inafaa kukumbukwa hapa, maana Erebor ilianza kama kambi ya wakimbizi. Makao yao ya asili yalikuwa Khazad-dûm, ambayo wengi huijua kama Moria, mji mkubwa kuliko yote chini ya ardhi. Mwaka 1980 wa Enzi ya Tatu wachimbaji waliokuwa wakifuata mshipa wa mithrili, madini mepesi yaliyo magumu kuliko chuma, waliliamsha Balrog, jini la moto na giza. Lilimwua Mfalme Durin wa Sita, na mwaka uliofuata mwanawe Náin. Waliosalia wakatawanyika, na mwaka 1999 Thráin, mwana wa Náin, akaweka makao Erebor. Baadaye wafalme walihamia milima ya kaskazini zaidi, wakafukuzwa na majoka, na Thrór akawarudisha mwaka 2590. Sehemu hii ni ya tarehe tu na haina haja ya kutuchelewesha. Tarehe zenyewe zimo katika nyongeza za The Lord of the Rings, zilizotoka mwaka 1955.

Ila kuna jambo moja la Moria lisilofaa kupitwa. Lango lake la magharibi lilitengenezwa kwa ushirika: kibete Narvi alichonga, na Celebrimbor wa jamii ya Waelvi, majirani wa Eregion, akaandika. Siku za amani lango hilo lilikaa wazi, na hata lilipofungwa, neno la kulifungua lilikuwa rafiki. Eregion ikateketezwa kwa vita, na kwa miaka mingi lango likawa linatazama nchi tupu. Sasa angalia kilichompata Balin, mmoja wa wale kumi na watatu wa Thorin. Mwaka 2989 alikwenda na kundi kuifufua Moria, na kufikia 2994 wote walikuwa wamekufa, wamebanwa kati ya maorki, askari waovu wa dunia ile, upande wa mashariki na ziwa lenye dubwana upande wa magharibi. Walikuwa na kumbi, mithrili na mashoka ya mababu. Hawakuwa na kijiji hata kimoja nje ya mlango cha kuwauzia unga au kupeleka habari. Wachambuzi husema Balin aliponzwa na tamaa. Naona aliponzwa zaidi na jiografia: alirudi kwenye nyumba ambayo mtaa wake ulishakufa.

Turudi Erebor. Mwaka 2770 joka Smaug aliruka kutoka kaskazini akashukia upande wa kusini. Wapiganaji wa vibete walitoka langoni wakamkuta anawangoja. Mto ukageuka mvuke na ukungu ukafunika Dale, na ndani ya ukungu huo akawamaliza wapiganaji wa mji. Kisha akaingia kwa lango lile lile na kuzisafisha kumbi moja baada ya nyingine. Thrór na mwanawe waliponea mlango wa siri, ndevu zimeungua. Watu huuliza ngome imara namna ile ilishindwaje siku moja. Jibu ni kwamba ilijengwa kwa adui anayepanda kwa miguu, na lango lake lilikuwa pana kwa sababu ya biashara. Mlango wa futi 5 ungemzuia Smaug, na kweli ulimzuia miaka yote. Lakini huwezi kulisha mji kwa mlango wa futi 5.

Smaug alikaa mlimani miaka 171, na utawala wake ni jaribio la kuvutia ukilitazama bila woga. Alikuwa na vyote ambavyo waandishi wavivu huwapa wenye ngome: jabali, hazina isiyohesabika, sifa ya kutisha na silaha ya moto. Siku za mwanzo alitoka usiku kuwala watu wa Dale, mpaka mji ukafa na wakazi wakahama. Nchi yote kuzunguka mlima ikawa jangwa la majivu. Baada ya hapo alilala. Hakuwa na mtu wa kumtawala, wa kumuuzia wala wa kumpa habari, na ndiyo maana hakujua kuwa pale kifuani, katikati ya vito vilivyomgandia, palikuwa na sehemu wazi. Alipotoka kwa hasira kuuchoma mji wa Esgaroth uliojengwa ziwani, Bard, mzao wa mabwana wa Dale, alimpiga mshale mahali hapo hapo.

Joka alipokufa, Thorin akarithi mlima na akarithi ujinga wa joka pamoja nao. Hii ndiyo sehemu ya kitabu ninayoipenda kuliko zote, na sinema za Peter Jackson ziliifunika kwa makelele ya vita. Vibete kumi na watatu na hobiti mmoja wanaziba lango kwa ukuta wa mawe yasiyo na saruji, wakiacha matundu ya kurushia mishale na upenyo chini wa kupitishia mto. Nje wamekuja Bard na watu wa Esgaroth waliounguliwa nyumba zao, pamoja na Mfalme wa Waelvi wa msituni na jeshi lake. Wanadai sehemu ya hazina, maana kuna mali ya Dale ndani ya lundo lile, na maana mji wao umeangamia kwa balaa lililochokozwa na vibete. Thorin anakataa kuzungumza na watu waliokuja na silaha.

Chakula chake ni nini? Ni cram, biskuti kavu za safari, ambazo walipewa na hao hao watu wa ziwani. Dhahabu imejaa ukumbi mzima, na chakula cha jioni ni biskuti ya jirani unayemfungia mlango. Kunguru mzee Roäc, rafiki wa ukoo, anamweleza Thorin kwa heshima lakini bila kuficha: majira ya baridi yamekaribia, theluji itashuka, na bila wema wa nchi zinazowazunguka hakuna atakayewalisha. Katika kitabu kizima sijaona ushauri wa kijeshi uliokuwa bora kuliko huo, na umetoka kwa ndege. Thorin hakuuzingatia. Alikuwa ameshatuma ujumbe kwa binamu yake Dáin wa Milima ya Chuma.

Dáin akaja na wapiganaji zaidi ya mia tano. Na hapa Tolkien anaweka jambo dogo ambalo msomaji wa haraka hulipita: vibete hao, juu ya silaha zao, walibeba mgongoni mizigo mikubwa ya vyakula. Bard aliwazuia wasipite bondeni hasa kwa sababu hiyo. Watu mia tano wenye mashoka wangeweza kupigwa. Watu mia tano wenye unga wangeifanya ngome iweze kukaa wiki nyingi. Kabla hawajapigana, maorki na mbwamwitu wakatokea, na wote waliokuwa wakigombania mlima wakajikuta upande mmoja. Thorin alikufa kwa majeraha ya vita hivyo. Katika kuagana na Bilbo alikiri kwamba dunia ingekuwa na furaha zaidi kama wengi wangekithamini chakula, uchangamfu na nyimbo kuliko dhahabu iliyofichwa. Msomaji aone alichokitaja kwanza.

Je, namsingizia Tolkien mambo ya ghala na magunia? Hapana. Mwaka 1954 alimwandikia mwandishi mwenzake Naomi Mitchison barua akijibu maswali ya namna hii hii, na akaeleza kuwa nchi ya Gondor ina mashamba na majimbo ya kutosha, yenye maji na njia, kuwalisha watu wake. Ukirudi kitabuni unayaona. Minas Tirith, mji wa ngazi saba uliojengwa kwenye ubavu wa mlima, umezungukwa na uwanda wa Pelennor wenye mashamba na bustani za matunda, na ukuta wa nje umejengwa mbali ili kuyakinga. Gondolin, mji uliofichwa ndani ya duara la milima, una bonde lake la Tumladen, na ulidumu karibu miaka mia nne hadi ulipoangushwa na msaliti wa ndani. Hata Sauron, bwana wa giza wa The Lord of the Rings, ambaye mwandishi mwingine angemwacha ale giza na chuki, anayo mashamba ya watumwa kusini mwa nchi yake ya Mordor, kando ya ziwa Núrnen. Majeshi yake hula.

Mfano wa kweli haukuwa mbali na mahali alipozaliwa mtu huyu. Tolkien alizaliwa Bloemfontein tarehe 3 Januari 1892, katika jamhuri ya Makaburu ya Orange Free State, na mama yake akampeleka Uingereza akiwa na miaka mitatu. Sidai alitoka huko na lolote la kutia kitabuni. Lakini ng'ambo ya mto Mohokare, ambao Makaburu waliuita Caledon, upo mlima ambao ungeweza kuwa mwalimu wa waandishi wote wa ngome: Thaba Bosiu.

Moshoeshoe, mwasisi wa taifa la Wabasotho, aliuhamia mwaka 1824, katika miaka ya vita na njaa ambayo Wabasotho wanaiita Lifaqane. Ngome yake ya awali, Butha-Buthe, ilikuwa imezingirwa mpaka watu wakakaribia kufa kwa njaa, na somo lilimwingia. Thaba Bosiu ni mlima wa kilele bapa, majabali pande zote na njia chache nyembamba za kupandia. Kilichomvutia zaidi ni kwamba juu kuna chemchemi na malisho. Ng'ombe walipandishwa pamoja na watu. Mwaka 1831 wapiganaji wa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, walijaribu kuupanda wakaporomoshewa mawe. Walipokuwa wanaondoka, kwa mujibu wa simulizi mashuhuri, Moshoeshoe aliwapelekea ng'ombe wa chakula cha njiani, akisema bila shaka ni njaa iliyowaleta. Hawakurudi kumshambulia tena. Thorin angemwona mwendawazimu.

Mwaka 1865 Makaburu wa Free State walijaribu nao, na kamanda wao Louw Wepener akauawa kwenye njia ya Khubelu. Baada ya hapo wakabadili mbinu: wakaacha mlima, wakachoma mashamba na kuswaga mifugo. Mwaka 1866 Moshoeshoe aliukubali mkataba mchungu uliomega ardhi nzuri ya kulima, watu wake wakapata nafasi ya kuvuna mtama wao. Vita vikaanza upya mwaka uliofuata, na Machi 1868 Uingereza ikaitwaa nchi hiyo chini ya ulinzi wake, jambo ambalo Moshoeshoe alikuwa ameliomba kwa miaka. Alifariki Machi 1870, mlimani kwake, na amezikwa huko huko. Mlima haukutekwa hata siku moja. Kilichotekwa ni bonde, na mpaka leo Lesotho hununua sehemu kubwa ya nafaka yake kutoka Afrika Kusini, ambako baadhi ya mashamba yale yamebaki.

Kwa vibete mambo yaliisha vizuri kidogo. Dáin, aliyetawazwa Erebor baada ya Thorin, aliitoa sehemu moja ya kumi na nne ya hazina akampa Bard, na Bard akaigawa mpaka Esgaroth. Dale ikajengwa upya. Miaka mingi baadaye kibete Glóin anamsimulia Frodo, mrithi wa Bilbo, juu ya mabwawa na chemchemi za mji huo na barabara zake za mawe ya rangi rangi, na ukimsikiliza unatambua kwamba mzee huyu wa mlimani anaringia mji wa binadamu kama kwamba ni wake. Mwenye Mji wa Esgaroth, yeye, alipokea dhahabu ya kuwasaidia watu wake akatoroka nayo nyikani, akaachwa na wenzake, akafa njaa. Tolkien anamaliza habari zake kwa sentensi moja tu, na haki yake ni hiyo.

Mwaka 3019 jeshi la Sauron lilivamia nchi za kaskazini. Watu wa Dale na vibete walipigana pamoja siku tatu chini ya mlima, kisha wengi wao wakakimbilia ndani ya Erebor, na lango likafungwa nyuma yao. Mfalme Brand wa Dale aliuawa mbele ya lango. Dáin, mzee kupita kiasi, alisimama juu ya maiti yake na shoka mpaka naye akaanguka. Kuzingirwa kulidumu siku chache tu, maana habari za kuanguka kwa Sauron zilifika, na wana wa wafalme hao wawili wakatoka pamoja kuwafukuza adui. Vita vilipokwisha, Gimli mwana wa Glóin alichukua sehemu ya watu wa Erebor akahamia kusini. Angeweza kutafuta mlima mtupu. Alichagua mapango ya Aglarond, nyuma ya ngome ya Helm's Deep, ndani ya nchi ya Rohan yenye wafugaji, wakulima na farasi wengi, na kazi mojawapo waliyoifanya walipofika ilikuwa kufua malango mapya ya Minas Tirith, ya mithrili na chuma cha pua.